Msimu wa kwanza wa giza Ufini: anza na asubuhi

Mliofika Helsinki mwezi Agosti mlilikuta jua likizama saa 3 usiku. Msilizoee. Tarehe 21 Desemba litachomoza saa 3:24 asubuhi na kuzama saa 9:13 alasiri, na anayeingia kazini saa 2 asubuhi na kutoka saa 10 jioni atalisikia kwa jina tu. Novemba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu theluji haijatanda na lami iliyolowa inameza hata mwanga wa taa za barabarani.

Huzuni si lazima iwe ya kwanza kubisha hodi. Mara nyingi hutangulia usingizi usiokatika, hamu ya wali na chipsi, halafu hasira za karibu. Ujumbe wa kawaida wa "nitumie kidogo" ukiusoma saa 2 usiku unageuka tusi. Kabla hujamnunia mtu, rekebisha asubuhi yako: mwili uliokosa mwanga wa asubuhi huchelewesha saa yake, na kutwa nzima unatembea kama umeamshwa usiku wa manane.

Nunua taa ya mwanga mkali. Madukani huitwa kirkasvalolamppu. Wengi huliwa kwenye maandishi ya boksi. Wanaona "luksi 10,000" (luksi ni kipimo cha mwanga) na hawasomi umbali. Taa ndogo inaweza kutoa kiwango hicho ikiwa sentimita 15 tu kutoka usoni, na hakuna anayekunywa chai namna hiyo. Tafuta inayokifikisha kwa sentimita 30 au zaidi, na iwe imechujwa miale ya urujuanimno (UV). Iweke mezani, pembeni kidogo, juu kidogo ya usawa wa macho. Macho yawe wazi lakini usiikodolee. Dakika 30 kila siku, mara tu ukiamka. Ikiwa nyuma yako au sakafuni, hilo ni pambo. Ukiiwasha jioni utakesha. Kichwa kikiuma, anza na dakika 15. Mwenye ugonjwa wa retina, mwenye historia ya kupandwa na wazimu wa furaha (mania), au anayetumia dawa zinazoongeza athari za mwanga amwone daktari kwanza. Usitarajie muujiza siku ya pili. Ipe wiki moja au mbili.

Mchana toka nje dakika 20, hata kukiwa na mawingu. Mwanga wa ofisini kwa kawaida ni luksi 500 hivi, nje huwa zaidi. Vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, ni ya mifupa. Usiimeze kama dawa ya majonzi, wala usipite mikrogramu 100 kwa siku.

Sasa hasira. Mfini asiyekaa karibu nawe kwenye basi huenda hana neno nawe. Hata Mfini mwenzake humwachia kiti kitupu katikati. Lakini ubaguzi upo, na asikwambie mtu kwamba ni giza tu. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, kisha usome tena mchana baada ya kutembea. Likibaki lilelile, lipeleke kwa mwakilishi wa wafanyakazi. Ya nyumbani yape siku yake: "Nitakujibu Jumamosi mchana." Barua ya kuacha kazi au maneno ya kuvunja uchumba yaandike ukitaka, lakini usiyatume usiku.

Pombe italeta usingizi jioni na kukuamsha saa 9 usiku. Wiki mbili zikipita huli, hutoki, kazi haziendi, nenda kituo cha afya. Mwanafunzi wa shahada aende YTHS, huduma ya afya ya wanafunzi wa vyuo. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri miadi: piga 112, namba ya dharura.

Februari jua likirudi watu huiweka taa kabatini, na baada ya siku chache wanaanza tena kugombana na kila mtu. Iache mezani hadi mwisho wa Machi. Kisha nunua pazia zito, maana katikati ya Mei jua litakuamsha saa 10 na nusu alfajiri.