Ondara ni nani, na jukwaani anaiweza?

Mkuu, umeuliza kama mwimbaji J.S. Ondara ni Mkenya kweli, na kama akiwa jukwaani anaimba vilevile kama kwenye albamu. Ni wa Nairobi kabisa. Aliondoka 2013 baada ya kushinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, akatua Minneapolis, jimbo la Minnesota alikozaliwa mwanamuziki Bob Dylan, ambaye ndiye aliyemvuta huko. Gitaa kajifunzia hukohuko, ukubwani! Albamu yake ya kwanza, Tales of America, ilitoka 2019 ikamfikisha kuwania Grammy upande wa Americana, yaani muziki wenye mizizi ya folk na country ya Marekani.

Jukwaani mara nyingi utamkuta peke yake: suti, kofia, gitaa kavu, basi. Ukitaka za kurukaruka, huyu siye. Kinachobeba shoo ni sauti, nyembamba, inapanda juu mpaka asiyemjua anadhani ni mwanamke. Sikiliza "Turkish Bandana": hakuna chombo hata kimoja, ni koo tupu. Halafu tafuta alivyoipooza "Lithium" ya bendi ya roki Nirvana. Kwangu mimi inazishinda nyimbo zake nyingi. Albamu yake Spanish Villager No. 3 ya 2022 imejaa vyombo zaidi, hiyo iache mwisho.