Mwanangu, zihesabu siku za vidonge

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako kutoka Kisumu, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kuketi kukujibu. Umeniuliza kama uendelee kumeza vidonge vya maumivu, ambavyo sasa unavihitaji karibu kila siku, au uviache kabisa utumie tangawizi na majani anayokushauri mama mkwe wako. Umetaka pia kujua nimeishije na kipandauso tangu nikiwa msichana.

Kabla ya mengine yote, chukua kalenda uhesabu ni siku ngapi za mwezi uliopita ulizomeza dawa ya kichwa ya aina yoyote. Nakuuliza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe sikuulizwa kwa miaka mingi. Nilipokuwa nikifundisha darasa la 4 hapa Nakuru, chini ya mabati yaliyowaka jua kuanzia saa nne asubuhi, nilikuwa nikinunua vile vidonge vya dukani vinavyochanganya aspirini, parasetamoli na kafeini. Nilimeza viwili kabla ya kipindi cha kwanza, na vingine viwili baada ya chakula cha mchana ili niweze kusahihisha madaftari. Kipandauso changu cha zamani kilikuwa kikija mara mbili kwa mwezi, upande mmoja, kikipwita pamoja na kichefuchefu. Polepole kikageuka kuwa uzito wa kichwa kizima ulioniamsha kila alfajiri, ukaondoka nilipomeza, ukarudi nguvu za dawa zilipoisha. Nilidhani ugonjwa umezidi, nikaongeza vidonge.

Daktari aliyenitoa humo alinieleza jambo ambalo nataka ulishike. Mtu mwenye kipandauso akitumia dawa hizo za mchanganyiko siku 10 au zaidi kwa mwezi, au parasetamoli au ibuprofeni peke yake siku 15 au zaidi, kwa muda unaopita miezi 3, dawa zenyewe zaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Aliniachisha. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko uchungu wa uzazi. Baba yako alitundika blanketi madirishani, nawe, ukiwa na miaka 6, ulikuwa ukinyata kwa vidole kuniletea maji. Wiki zilizofuata nilianza kuamka kichwa kikiwa chepesi. Usiache ghafla peke yako, hasa ikiwa vidonge vyako vina kodeini, ile dawa kali ya maumivu ambayo mwili huizoea: nenda na hesabu yako kwa daktari, mpange pamoja namna ya kuacha.

Huenda daktari huyo akakupa dawa ya kuzuia, ambayo humezwa kila siku hata kama kichwa hakiumi. Mimi nilipewa amitriptilini, miligramu 10 kila usiku, kwa sababu nina pumu na dawa nyingine inayotumika sana, propranololi, haifai kwa mwenye pumu. Ilinikausha kinywa na kunipa usingizi wa asubuhi, na nusura niiache, kwani ilichukua karibu miezi 2 kabla ya kuonyesha kazi. Vumilia muda huo ukipewa. Na kwa kuwa umeniambia kwamba mnatarajia kutafuta mtoto mwaka ujao, mwambie daktari mapema, maana topirameti na valproeti, ambazo pia huzuia kipandauso, zaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Liko jingine lililonishtua katika barua yako. Umeandika kwamba kabla ya maumivu unaona mistari yenye pembe inayometameta kwa nusu saa hivi, na kwamba unatumia vidonge vya kupanga uzazi. Kipandauso chenye maruweruwe ya namna hiyo, kikikutana na vidonge vyenye estrojeni, yaani homoni ya kike, huongeza hatari ya kiharusi. Nenda kliniki wiki hii uulize kama vyako vina estrojeni na ni njia gani nyingine inayokufaa.

Siku kipandauso kinapokuja kweli, usikisubiri kikomae. Meza ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula kidogo, ikiwa huna vidonda vya tumbo, au parasetamoli miligramu 1,000, mara tu maumivu yanapoanza, kwa sababu kipandauso kikishapanda tumbo hulegea, na kidonge hukaa humo bila kufika damuni. Zisiposaidia, kuna sumatriptani, dawa ya kutuliza kipandauso chenyewe, ambayo daktari huandika akishahakikisha kwamba moyo na mishipa yako haina shida, nayo pia ina hesabu yake ya siku 10 kwa mwezi.

Tangawizi usiitupe. Naichemsha na kuinywa bila sukari nyingi, nayo hunituliza kichefuchefu vizuri. Nafunga leso kichwani kwa nguvu, naweka kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso na miguu katika beseni la maji moto, nalala gizani. Lakini lililonisaidia kuliko hayo yote ni kula na kulala kwa saa zile zile, hata Jumapili. Wewe unatoka nyumbani bila kifungua kinywa, unakaa mbele ya kompyuta mpaka saa nane na chai tupu tumboni. Hapo ndipo ningeanza.

Kuhusu majani ya mama mkwe, usimkatalie kwa ukali, kwani anakupenda. Muulize kwa heshima jina la mti wake, umpelekee daktari, na usiyachanganye na dawa kabla hajakujibu. Nyanya yako kule Kakamega alichanjwa kwa wembe kwenye paji la uso kwa ajili ya ugonjwa huu huu, na makovu alizikwa nayo. Hakurogwa, wala mimi, wala wewe. Kipandauso hutembea katika ukoo, na wanawake hukipata takriban mara tatu kuliko wanaume.

Huko ziwani kichwa kikiuma pamoja na homa, pima malaria siku hiyo hiyo. Na kikikupiga ghafla kwa namna usiyowahi kuisikia, au shingo ikakaza, mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito, usinipigie simu mimi kwanza. Mwambie mumeo akupeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Anza daftari leo: tarehe, saa, ulichokula, ulivyolala, hedhi, na kidonge ulichomeza. Utakapokuja mwisho wa mwezi, lilete. Nimelitoa langu la zamani sandukuni, tuyasome pamoja.

Mama yako,
Nakuru