Maswali ya Wasomaji: Watoto na Gloria ya Vivaldi

SWALI: Watoto wetu wana miaka 6 na 9. Tungependa wazoee kwaya za ibada za zamani, lakini tulipowawekea Gloria ya Vivaldi, haikufika mbali wakawa wameshatawanyika. Tuanzie wapi?

JIBU: Wimbo mmechagua vizuri sana (huo ni ule wa RV 589, namba yake katika orodha ya kazi za mtunzi Vivaldi). Tatizo ni kuuweka wote. Una vipande 12 na huchukua karibu nusu saa. Tena kipande cha 2, Et in terra pax, ni cha polepole, kizito na kirefu. Hapo ndipo watoto wengi huchoka. Siku ya kwanza wekeni kipande cha 1 peke yake, dakika mbili na nusu hivi, kisha zimeni, hata kama wanataka zaidi.

Kabla ya kusikiliza, wapeni masikio yao kazi. Fidla hufungua kwa kuruka kutoka noti ya chini hadi noti ileile ya juu, chini, juu, chini, juu. Waimbisheni mruko huo kwanza kwa “la”: do ya chini, do ya juu. Anzeni na D iliyo jirani ya C ya kati kwenye kinanda. Mkianza juu zaidi, do ya pili itawakaza shingo na wataishia kupiga kelele badala ya kuimba. Wimbo ukianza, wanyooshe mkono kila wasikiapo mruko. Safari ya pili watafute tarumbeta. Wa miaka 9 mwulizeni pia: hapa kwaya inatamka silabi kwa pamoja, au sauti zinakimbizana? Karibu muda wote ni pamoja. Baadaye atalinganisha na kipande cha 12, ambako sauti huingia moja baada ya nyingine.

Kipande cha 2 kirukeni kwa sasa. Nendeni cha 3, Laudamus te, ambacho soprano wawili (waimbaji wa sauti ya juu) wanaitikiana, kisha cha 11, Quoniam. Msiwaambie chochote kuhusu hicho cha 11: miruko ile ya mwanzo inarudi, na mtoto akiigundua mwenyewe haisahau.

Waelezeni pia waliouimba. Vivaldi, padre aliyezaliwa Venice mwaka 1678, alifundisha fidla Ospedale della Pietà, makao ya watoto waliotelekezwa. Wasichana na wanawake wa hapo ndio waliopiga ala na kuimba, wakiwa nyuma ya vizuizi vya chuma, hata sauti za chini za tena na besi, ambazo kwa kawaida huimbwa na wanaume.

Epukeni spika ya simu, maana selo na ala nyingine za sauti nzito hupotea na kwaya hubaki nyembamba. Na msiuweke wakati wa kazi za shule: sikio huzoea kuupuuza.

SWALI: Kilatini si kikwazo?

JIBU: Kidogo sana. Maneno ya mwanzo ni ya malaika kwa wachungaji, Luka 2:14: “Gloria in excelsis Deo”, yaani utukufu kwa Mungu juu mbinguni. Wasomeeni aya hizo kwanza. Irabu hutamkwa kama zetu. Penye ugumu ni “excelsis” tu, ambalo kwaya nyingi hulitamka “ek-shel-sis”. Lisemeni polepole mara tatu nne, halafu kwa mwendo wa wimbo.