Mtaala ni wa serikali, malezi ni ya masista: Ukatoliki wa shule unakaa wapi?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na familia yetu ni Waislamu. Binti yetu anamaliza chekechea na amepata nafasi ya darasa la kwanza katika shule ya msingi ya masista. Sista alitueleza kwamba wanafuata mtaala wa Taasisi ya Elimu, ila malezi ni ya Kikatoliki. Kama mtaala ni uleule, hayo malezi yanaingia wapi? Mwanangu atafundishwa katekisimu? Halafu huko chekechea alikuwa anashinda na shanga na herufi za msasa. Hatabaki nyuma?

JIBU: Ndugu yangu, sista amekueleza ukweli. Ukiacha shule za kimataifa, shule ya msingi iliyosajiliwa hapa nchini, iwe ya serikali, ya mtu binafsi au ya jimbo, inafundisha masomo yaliyopangwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na watoto wake wanafanya upimaji wa darasa la nne na mtihani wa mwisho wa Baraza la Mitihani. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024. Ndio uliotuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na ndio unaoifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Binti yako atapita njia hiyohiyo.

Kanisa nalo linazibana shule zake kwenye taaluma. Kanuni ya 806 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka elimu inayotolewa humo iwe angalau na kiwango cha shule nyingine za eneo hilo. Kwa hiyo ukiambiwa matokeo ni hafifu kwa kuwa “sisi tunajali zaidi malezi”, usikubali. Mtoto anayelelewa vizuri bila kujua kusoma hajatendewa haki.

Sasa tuje kwenye malezi yenyewe. Usiyatafute kwenye orodha ya masomo. Yatafute kwenye namna mwalimu anavyofundisha. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya masista, upande wa Ilemela. Kilikuwa kipindi cha Sayansi, wanajifunza nani anamla nani ziwani. Mwalimu alikuwa ametundika ubaoni vipande viwili vya wavu, kimoja cha matundu mapana, kingine cha kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku, matundu yake hata kidole hakipenyi. Watoto walikwenda mmoja mmoja kupima kwa rula. Kijana mmoja akasema waziwazi kwamba kwao wanavuta kokoro usiku. Darasa likaanza kuguna. Mwalimu akalituliza, akamshukuru kijana kwa kusema, akamwomba aeleze kinachotoka humo. Akataja sato wadogo, sangara wadogo, na furu. Wakapiga hesabu: ndoo moja ya sato hao wangeachwa wakue, zingekuwa kilo ngapi?

Wiki hiyohiyo, kwenye kipindi cha dini, mwalimu alirudi kwenye wavu uleule na swali jingine: ziwa hili ni la nani, na mtoto atakayezaliwa Ukerewe miaka kumi ijayo ana fungu lake humo au hana? Papa Fransisko aliandika kuhusu utunzaji wa uumbaji katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, na huyu mwalimu alikuwa ameuleta hadi kwenye tundu la wavu. Sayansi ilibaki sayansi, hesabu ikabaki hesabu. Ila mtoto aliona kwamba anachojua kinamdai kitu mbele ya Mungu na mbele ya jirani yake, na yule kijana wa kokoro hakudhalilishwa. Hayo ndiyo malezi unayoniuliza, na naamini hata mzazi Mwislamu angeyapokea kwa mikono miwili.

Jambo la pili ni nafasi yako wewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake kuhusu elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, unasema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule inawasaidia. Shule inayokupigia simu pale tu ada inapochelewa imeshasahau hilo.

La tatu linaniuma, na nitalisema bila kuficha. Zipo shule zenye msalaba getini ambazo huwasomea watoto nafasi zao mstarini, wa kwanza hadi wa mwisho, kisha humwambia mzazi wa yule wa mwisho atafute shule nyingine ili wastani usishuke. Hapo Ukatoliki umebaki kwenye jina la mtakatifu lililoandikwa ukutani. Kwa hiyo usiishie kuuliza wangapi wamepata A. Uliza mtoto aliyeshindwa Hisabati muhula uliopita amefanyiwa nini, nani alikaa naye, na saa ngapi.

Kuhusu katekisimu, tofautisha vitu viwili. Hati ya Vatikano ya mwaka 1988 kuhusu sura ya kidini ya elimu katika shule za Kikatoliki inatenganisha somo la dini na katekesi. Somo la dini hutoa maarifa: mafundisho, historia, maadili. Katekesi ni ya waamini, wanaoandaliwa kwa mfano kwa Komunyo ya Kwanza au Kipaimara, na mahali pake hasa ni parokiani na kigangoni. Binti yako hana sababu ya kuingizwa huko. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Ila ujue kwamba atasikia sala ya asubuhi, huenda na ile ya Malaika wa Bwana adhuhuri, na siku ya Misa ya shule lazima ijulikane yeye atakuwa wapi na nani.

Shanga na msasa visikutie wasiwasi. Hiyo ni njia ya Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907, na masista wengi wa Tanzania huitumia chekechea. Anapopitisha kidole kwenye herufi ya msasa, mkono unajifunza mwendo wa herufi kabla haujashika penseli. Anapopanga shanga kumi kumi, anayashika makumi kwa mikono yake. Kinachowasumbua watoto wengi wanaotoka huko wakifika darasa la kwanza ni kukaa kwenye dawati muda mrefu na kufuata kasi ya darasa zima. Mwambie mwalimu wa darasa mapema kwamba ametoka huko, na mwezi wa kwanza umwache azoee.

Nenda shuleni siku ya kawaida ya masomo, maana siku ya wazazi kila kitu kimepangwa. Omba kuona ratiba na madaftari yaliyosahihishwa. Kisha kaa na mwalimu mkuu mkubaliane kuhusu Misa, sala ya Ijumaa atakapokuwa mkubwa, na chakula cha mchana mwezi wa Ramadhani siku atakapoanza kufunga. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye faili la mtoto, nawe ubaki na nakala, kabla hujalipa ada ya muhula wa kwanza.