Sala, mfungo na usomaji wa Neno kwa mtu asiye na saa ya ziada

Ndugu, umeeleza kwamba wewe ni dereva wa pikipiki, unatoka Bagira, hapa mjini Bukavu, kabla ya jua kuchomoza na kurudi watoto wakiwa wamelala, nyumba ina vyumba viwili, na huoni mahali pa kuweka sala, usomaji wa Biblia na mfungo. Umeuliza pia kama ni lazima ukeshe kila Ijumaa na kufunga bila hata maji ndipo uhesabiwe kuwa mtu wa sala. Mimi ninauza maharage na unga katika soko la Kadutu, ninasali katika shirika, yaani jumuiya ndogo ya waamini, la mtaa wetu, nami nitakujibu kwa yale ninayoyaishi.

Acha kutafuta saa moja ya utulivu, kwa maana katika maisha kama yako na yangu haipatikani, na anayeisubiri humaliza mwaka bila kusali. Fungamanisha sala na kazi ambazo huwezi kuziacha. Danieli alisali mara tatu kwa siku ilhali alikuwa na madaraka makubwa katika serikali ya wageni, na Wakristo wa mwanzo, wakiwemo watumwa waliokuwa hawana hata saa moja ya kwao, walifundishwa kusali Baba Yetu mara tatu kila siku. Baba Yetu ya kwanza mimi huisali ninapofunua turubai asubuhi, ya pili kabla ya kula mchana, na ya tatu baada ya kuhesabu fedha za jioni. Wewe unaweza kuisali kabla ya kuwasha pikipiki, unapotia mafuta, na unapoiegesha usiku.

Kati ya nyakati hizo, chukua sala fupi moja na usiibadilishe kila wiki. Yangu ni mwanzo wa Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Yohane Kasiano, aliyeishi kati ya karne ya 4 na ya 5, aliipokea kwa wamonaki wa jangwa la Misri, ambao waliirudia wakiwa kazini, safarini na hata kitandani. Mimi huisema kimoyomoyo ninapolishika kopo la kupimia. Unajua jinsi mambo yanavyokwenda sokoni: kuna kopo lililogongwa kitako kikaingia ndani, na kuna kidole gumba kinachowekwa ndani ya kopo wakati wa kujaza, ili mteja aondoke na maharage pungufu bila kutambua. Mkono ulioanza kwa kuliita jina la Bwana huona uzito kufanya hivyo, na nasadiki kwamba kipimo cha haki ni sehemu ya sala yenyewe. Kwako wewe kipimo hicho ni nauli unayomtajia mama mwenye mzigo mvua inaponyesha. Mwenye heri Isidore Bakanja, kijana mkatoliki wa nchi yetu ya Kongo aliyefariki tarehe 15 Agosti 1909 kutokana na majeraha ya viboko, alikuwa mfanyakazi wa kawaida katika shamba la wazungu. Alisali rozari humo humo na kuwafundisha wenzake kusali, na Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Kuhusu usomaji, soma aya chache za Injili ya siku husika ukiwa kituoni unasubiri abiria, uzisome polepole mara mbili, kisha ubaki na neno moja tu la kwenda nalo. Inatosha.

Usiku, hata umeme ukikatika, unaweza kufanya uchunguzi wa dhamiri kama alivyoufundisha Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, kwani hauhitaji taa wala kitabu. Unamshukuru Mungu, unaomba mwanga wake, unaipitia siku tangu abiria wa kwanza hadi wa mwisho, unaomba msamaha, na unaazimia jambo moja la kesho. Wewe unayegombana na abiria na madereva wenzako kutwa nzima utaona haraka mahali ambapo hasira yako huanzia, na hapo ndipo pa kuombea.

Sasa mfungo, ambao naona ndio unaokusumbua zaidi. Kanisa Katoliki linawadai waamini wenye umri wa miaka 18 hadi 59 kufunga siku mbili tu kwa mwaka, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na siku hizo mtu anaruhusiwa mlo kamili mmoja, maji hayakatazwi. Kufunga kunakozidi hapo ni kwa hiari, na kusiwe kwa kushindana. Anayebeba mizigo, anayenyonyesha na anayetumia dawa wasilazimishwe na mtu yeyote kukaa bila maji, hata akiwa mhubiri mwenye sauti kubwa kiasi gani. Isaya, katika sura ya 58, anaueleza mfungo anaoutaka Mungu kuwa ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kwa hiyo Ijumaa ninapoiacha sahani yangu ya bugali (ugali) na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, bei yake huiweka kando, na jioni huipeleka kwa mjane tunayemtunza katika shirika. Nisipoipeleka, nimebana matumizi tu, sijafunga.

Mkesha ni jambo jema, lakini wewe unabeba uhai wa watu kwenye miteremko ya mji huu, na usingizi barabarani hauna huruma. Ukeshe usiku ambao kesho yake huendi kazini. Mkesha wa Pasaka usiukose, kwa kuwa ndio mkubwa kuliko mikesha yote ya Kanisa. Zungumza na mkeo mapema ili muweke akiba kidogo, na Jumapili hiyo pikipiki ibaki nyumbani.