Fomu ya uchunguzi kwa wanaojitolea kanisani: uisaini au ukatae?

Ndugu yangu, umeuliza kama una haki ya kukataa kusaini fomu ambayo kanisa lako limewapa wote wanaofundisha shule ya Jumapili. Kwa maelezo yako, fomu hiyo inadai nambari ya kitambulisho, madeni uliyo nayo, magonjwa uliyowahi kuugua, historia ya ndoa yako na ruhusa ya kukuchunguza kwa namna yoyote ambayo uongozi utaona inafaa, na wanaoihoji wanaambiwa kwamba asiye na la kuficha hana sababu ya kuogopa. Nimeratibu watu wa kujitolea kanisani kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya muda huo kazi ya kuwachunguza wanaotaka kuhudumia watoto imekuwa mikononi mwangu. Maoni yangu ni kwamba uchunguzi wenyewe usiukatae, lakini fomu hiyo, kwa jinsi ulivyoieleza, haistahili kusainiwa kabla haijarekebishwa.

Kanisa linapokabidhi watoto kwa mtu mzima, wazazi wanaamini kwamba kuna aliyejiridhisha kuhusu mtu huyo. Imani hiyo imevunjwa mara nyingi mno. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza kati ya mwaka 2013 na 2017 jinsi taasisi zilivyoshughulikia unyanyasaji wa watoto kingono, ilisikia maelfu ya watu waliodhuriwa, wengi wao katika taasisi za dini, na ikabaini kwamba walichukua kwa wastani karibu miaka 24 kabla ya kumweleza mtu yeyote yaliyowapata. Takwimu hiyo huwa naitaja kwa kila kamati ninayokaa nayo, kwa sababu inafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba hatari ipo, na kwamba rekodi ya polisi haiwezi kuionyesha yote. Mtu anaweza kupewa cheti safi kabisa ilhali waliodhuriwa naye bado hawajapata nguvu ya kusema.

Hata pale ambapo kuna jambo linalojulikana, uchunguzi uliofanywa kijuujuu huliacha lipite. Mwaka 2002, katika mji wa Soham nchini Uingereza, wasichana wawili wenye umri wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule ambaye polisi wa eneo jingine walikuwa wamepokea malalamiko kadhaa juu yake. Uchunguzi wa serikali uliofuata, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2004, ulionyesha kwamba alipoomba kazi alichunguzwa kwa jina moja tu kati ya mawili aliyokuwa ameyatumia. Ndiyo maana kanisa linapokuuliza majina yote uliyowahi kutumia na sehemu ulizoishi katika miaka ya karibuni, nakuomba usilione kuwa linakudadisi. Maswali hayo yana kazi.

Historia ya ndoa, kwa upande wake, ina kazi gani katika darasa la watoto? Huu ndio msingi ninaoushikilia, na ndio ambao ningependa uupeleke kwa wazee wa kanisa: kila swali lililomo kwenye fomu lazima litokane na huduma ambayo mtu anakwenda kuifanya. Mtu atakayeendesha gari lenye watoto aulizwe leseni na makosa yake ya barabarani. Atakayehesabu sadaka na kushika hundi anaweza kuulizwa kama amewahi kupatikana na hatia ya wizi au udanganyifu. Mwalimu wa shule ya Jumapili hashiki fedha, basi madeni yake ni yake na wanaomdai. Kuhusu afya, inatosha kuuliza kama kuna jambo lolote litakalomzuia kuifanya huduma hiyo kwa usalama, au msaada wowote anaouhitaji ili aifanye, na hakuna haja ya orodha ya magonjwa.

Kauli ya kwamba asiye na la kuficha asiogope inanisikitisha kila ninapoisikia, hasa inapotoka kwa watu wanaotuombea. Nimekutana na mama aliyekuwa amemkimbia mume mkatili, ambaye anwani yake ingevuja ingemhatarisha yeye na wanawe. Nimekutana na mtu aliyeishi na ugonjwa ambao alikuwa amemweleza daktari na ndugu mmoja tu. Hawa hawakuwa wakificha uovu wowote. Walikuwa wakilinda maisha yao. Watu wa namna hii, wakiona fomu kama yako, hawalalamiki wala hawaandiki barua. Huacha tu kujitokeza, na kanisa linawapoteza wahudumu wema bila hata kujua limewapoteza kwa nini.

Jambo ambalo fomu nyingi hulisahau ni haki ya anayechunguzwa kuyaona majibu kabla hayajatumiwa dhidi yake. Nilipata kushughulikia maombi ya dada mmoja ambaye kampuni tuliyoipa kazi ya uchunguzi ilileta taarifa zenye makosa mazito ya jinai. Tulimwita faraghani, tukampa nakala aisome, naye akaeleza kwa utulivu kwamba hajawahi hata kuishi katika mji uliotajwa. Alama za vidole zilithibitisha kwamba makosa yale yalikuwa ya mtu mwingine mwenye majina kama yake. Laiti taarifa ile ingepelekwa moja kwa moja kwenye kikao cha wazee, jina lake lisingesafishika tena, kwa maana neno likishatoka kikaoni halirudi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1970 kuhusu taarifa za aina hii inadai kwamba mtu apewe nakala ya taarifa na maelezo ya haki zake kabla ya kukataliwa kwa sababu yake. Nchini Uingereza, cheti cha chombo cha serikali kinachofanya uchunguzi huu hutumwa kwa mwenye jina, naye ndiye anayekionyesha kwa kanisa. Utaratibu huo wa pili naupenda zaidi, maana mhusika ndiye anayeshika karatasi yake, na hata asipoishi katika nchi hizo hakuna kinacholizuia kanisa lake kufuata njia ileile kwa hiari.

Na rekodi ikiwa ya kweli? Hapa busara inahitajika kuliko kanuni. Kosa lolote dhidi ya mtoto linamfungia mtu mlango wa huduma za watoto moja kwa moja, na katika hilo sikubali majadiliano, hata akiwa ametubu mbele ya kanisa zima, kwa sababu msamaha haumpi mtu haki ya kukabidhiwa watoto. Lakini kosa la ujanani lisilohusiana na huduma anayoiomba, lililokwisha kuadhibiwa na kufuatwa na miaka mingi ya mwenendo mzuri, halipaswi kumzuia mtu kufundisha wala kutangazwa. Katika kanisa letu tulikubaliana kwamba watu wawili tu husoma taarifa zenyewe, na kikao huambiwa jambo moja pekee: kwamba fulani amekubaliwa kwa huduma fulani, au hakukubaliwa.

Utunzaji wa karatasi nao usiuchukulie kirahisi. Nimeona fomu za namna hii zikiachwa kwenye kabati la ofisi ambalo wanakwaya hulifungua kutafuta vitabu vya nyimbo, na picha za vitambulisho zikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu ili katibu azikusanye kwa urahisi. Baada ya uamuzi kufanyika, kinachohitajika kubaki ni tarehe ya uchunguzi, aina yake na uamuzi uliofikiwa. Taarifa zenyewe ziharibiwe. Mwongozo wa Uingereza unataka taarifa za cheti zisitunzwe kwa kawaida zaidi ya miezi 6. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data inahesabu imani ya mtu, hali ya afya, hali ya ndoa na majina ya watoto wake miongoni mwa taarifa nyeti, na Tanzania nayo ilipitisha sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Kanisa halisimami nje ya sheria hizi kwa kuwa ni kanisa.

Niongeze onyo moja, kwa sababu nimeona faragha ikitumiwa vibaya pia. Mtoto akisema amedhuriwa, au mtu mzima akishuhudia dalili, jambo hilo halizungumzwi kwa siri kati ya mchungaji na mtuhumiwa. Linapelekwa kwa vyombo vya sheria, na majina hutunzwa dhidi ya umbea, kamwe si dhidi ya polisi. Na kwa kuwa cheti hakitoshi, shinikiza kanisa lako liwe na mambo ambayo hayagusi faragha ya yeyote: watu wazima wawili katika kila darasa, mlango wenye kioo au ulioachwa wazi, muda wa miezi kadhaa wa kufahamika kabla ya mgeni kupewa watoto, na simu kwa watu wawili au watatu wanaomfahamu mwombaji. Katika simu hizo mimi huuliza moja kwa moja kama anayejibu angemwachia mtu huyo mwanawe mwenyewe. Kusitasita kwao kumenisaidia kuliko vyeti vingi.

Kwa hiyo usirudishe fomu ikiwa tupu. Jaza majina yako, makazi, wadhamini na idhini ya kuchunguzwa rekodi za jinai. Penye madeni, magonjwa na ndoa andika kwamba ungependa kujua maswali hayo yanahusiana vipi na ualimu wa watoto, kisha ufute ile ruhusa ya uchunguzi wa namna yoyote na uandike aina ya uchunguzi unaouridhia. Ambatisha barua fupi ya kuuliza nani atazisoma taarifa zako, zitatunzwa wapi na hadi lini, na kama utaonyeshwa matokeo kwanza. Mpe katibu mkononi, ubaki na nakala. Walimu wenzako ambao wamekwisha kusaini wanaweza kuandika barua hiyohiyo, wakaomba majibu yasiyohusiana na huduma yao yaondolewe kwenye majalada.