Plaizi ya kukunja safarini, ina kazi gani?

SWALI: Habari za kazi. Mwezi wa 12 mimi na washkaji watatu tunatembea kwa miguu toka Lushoto mpaka Mtae, siku 3 au 4 hivi. Mmoja wao kanishikia bango ninunue zile plaizi za kukunja zenye kisu, bisibisi na msumeno humo humo. Mi nina kisu changu kikali, kwani hakitoshi? Naona naongeza mzigo tu. Msomaji, Tanga.

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongereni sana, pale Mtae ukisimama ukingoni ukaiona tambarare ya Mkomazi kule chini utasahau kama miguu inauma.

Nunua. Uzito wake kwa zile za saizi ya kawaida ni kama robo ya sukari, sio mzigo huo. Na wala sio kwa ajili ya kisu, kisu unacho, ni kwa ajili ya plaizi. Sisi huko huko Usambara zipu ya hema iligoma usiku, mvua inamwagika, unaivuta inapita lakini meno hayashikani, nikakibana kile kidude cha kuvutia kwa plaizi taratibu, upande huu kidogo na huu kidogo, ikashika mpaka tunarudi nyumbani. Sasa kisu kingefanya nini pale? Asubuhi sufuria ya chai haina mkono, plaizi tena. Soli ikaachia, plaizi na kipande cha waya.

Hata huyo Mmarekani Tim Leatherman aliyebuni hizo zinazoitwa kwa jina lake wazo lilimjia hivyo hivyo, 1975 anazunguka Ulaya na mkewe kwa Fiat kuukuu inayoharibika kila mara, mfukoni ana kisu cha skauti na kila akitaka kutengeneza kitu anatamani plaizi, akahangaika nalo mpaka 1983 ndo akaanza kuuza.

Dukani usiangalie wingi wa vifaa. Ifunge plaizi uielekeze kwenye taa, ncha zikutane vizuri, halafu kisu kiwe na loki maana kisicho na loki kinaweza kukukunjikia vidoleni ukiwa unakata kitu kigumu, na huko kijiji chenye zahanati kinaweza kuwa mbali.

Ikilowa ifute, ianike wazi, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio. Kwa hewa ya chumvi ya hapo kwenu Tanga ukiiacha ndani ya begi bichi wiki moja tu utaikuta na kutu.